Kompaila ya bure ya Windows: historia fupi kabla hujachagua

Juzi kijana mmoja hapa Embu aliniuliza achukue kompaila gani ya bure. Anataka kuandika programu ya stoo, aiuzie maduka ya hapa mjini. Kabla ya kumjibu nilimpa historia kidogo, nanyi nawaletea.

Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa GCC, ikiwa ya Unix. Mwaka 1995 kampuni ya Cygnus ya Marekani ilianza mradi wa Cygwin ili kuileta kwenye Windows. Ilifanya kazi vizuri, ila programu yako ilitegemea faili la cygwin1.dll, lenye leseni ya GPL. Yaani ukiuza programu, umpe mteja na msimbo wake, au ununue leseni nyingine. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2016 tu.

MinGW ilipokuja mwaka 1998 ilitumia maktaba ya C ambayo Windows inayo tayari. Msimbo ukabaki wako.

Kampuni kubwa nazo zikalegea. Mwaka 2000 Borland ilitoa C++ Compiler 5.5 bure, chini ya MB 10. Mwaka 2004 Microsoft ikatoa Visual C++ Toolkit 2003, na mwaka 2005 matoleo ya Express.

Ukubwa wa faili ulikuwa na maana sana kwetu. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti. Kwa modemu ya kbps 56 ikienda kasi yake yote, MB 10 ni kama dakika 24, na MB 100 ni karibu saa 4. Hapo saiba inahesabu kila dakika!

Leo kuna Visual Studio Community, bure kwa mtu binafsi tangu 2014, na MinGW-w64 kupitia MSYS2. Lakini mtego wa zamani bado upo: ndani ya MSYS2, ukikompaili katika mazingira ya MSYS, programu yako itadai msys-2.0.dll, ndugu yake cygwin1.dll. Tumia UCRT64, na kwa C++ ongeza -static.

Basi nilimwambia kijana: usiulize tu bei ya kompaila. Uliza programu itakayotoka itadai nini kwenye mashine ya mteja, na leseni inakudai nini wewe. Amechukua MinGW-w64. Wewe je?