Divai ya Rheingau na Mavuno Yaliyochelewa

Mto Rhine, ambao aghalabu huelekea kaskazini, ukifika karibu na mji wa Mainz huzuiwa na milima ya Taunus, ukalazimika kugeuka magharibi kwa masafa ya kilomita 30 hivi kabla ya kupata upenyo wa kuendelea na safari yake. Na hapo, juu ya ukingo wake wa kulia, kwenye miteremko inayolikabili jua la kusini na kukingwa na milima hiyo isipigwe na pepo za baridi, ndipo lilipo jimbo dogo la Rheingau, maskani mashuhuri ya mzabibu uitwao Riesling.

Maandishi ya kale yanayodhaniwa kuutaja mzabibu huo ni daftari la hesabu la mwaka 1435, la watawala wa Katzenelnbogen, waliokuwa na shamba huko Rüsselsheim. Lakini fahari yake hasa ilianzia Johannisberg, kwenye nyumba ya watawa iliyokuwa imechakaa, ambayo abati wa Fulda, mkuu wa dini na papo hapo mtawala wa nchi yake, aliinunua mwaka 1716. Na tangu mwaka 1720 akaamuru mashamba yake yapandwe Riesling kwa wingi, katika zama ambazo desturi ya wakulima ilikuwa kuchanganya mizabibu ya kila namna.

Mzabibu huu hauna haraka. Huchelewa kuchipua, na kwa sababu hiyo mara nyingi huponea sakitu ya mwisho wa majira ya baridi. Huchanua mwezi wa Juni, zabibu zake huanza kulainika Agosti, kisha huendelea kuiva taratibu hata Oktoba, ilhali jirani zake wamekwisha vunwa. Jua la mchana huzitia sukari, na baridi ya usiku huuhifadhi ukali wake. Na ukali huo, katika mwaka wa jua haba, huweza kumtia mnywaji ganzi ya meno.

Mwaka 1775, watawa wa Johannisberg, ambao hawakuwa na ruhusa ya kukata hata kishada kimoja bila idhini ya Fulda, walimngojea tarishi aliyepelekwa kuileta idhini hiyo, naye akakawia. Sababu ya kukawia kwake kila msimuliaji huitaja ya kwake, nami nadhani hekaya yenyewe imetiwa chumvi si haba. Aliporejea, zabibu zilikuwa zimekwisha shikwa na kuvu, ile inayoletwa na ukungu wa asubuhi upandao kutoka mtoni: kuvu hutoboa ganda, maji yakafukizwa na jua, tunda likanywea na kugeuka rangi ya zambarau iliyofifia, kana kwamba limepakwa majivu, na ndani yake kikabaki kiini kilichokolea sukari. Wakazivuna hivyo hivyo, na divai yake ilipoonjwa mwaka uliofuata ikawastaajabisha. Wala hawakuwa wa kwanza, kwani watu wa Tokaj, huko Hungaria, walikwisha kuijua kuvu hiyo tangu karne ya 17. Fadhila ya Johannisberg ni kule kuifanya ajali kuwa kanuni.

Zabibu zilizovunwa mwisho wa msimu zilikamuliwa wakati baridi imekwisha ingia maghalani, na hamira, ambayo haistahimili baridi, ikazidi kulegea ndani ya mapipa hata ikanyamaza kabla haijaimaliza sukari yote. Hiyo ndiyo asili ya divai yenye utamu wa kadiri, ambayo wengi huidhania kuwa imetiwa sukari, kumbe utamu wake ni masazo ya tunda lenyewe.

Baada ya watawa kunyang'anywa milki zao, mfalme mkuu wa Austria alimpa waziri wake Metternich shamba la Johannisberg mwaka 1816, kwa sharti la kuilipa nasaba ya Habsburg sehemu moja ya kumi ya mavuno kila mwaka. Siku hizi hamira husimamishwa kwa mitambo ya kupooza na kuchuja, na sheria huiruhusu divai hiyo ya utamu wa kadiri iwe na sukari hadi gramu 18 kwa lita, mradi isiuzidi ukali wake kwa zaidi ya gramu 10. Yaani hata watunga sheria wamekiri kwamba utamu wa divai haupimwi peke yake.