Klabu za Kandanda za Tabora na Mji Uliozaliwa Njiani

Historia ya kandanda ya ushindani mjini Tabora haieleweki vizuri bila kuitazama njia iliyouzaa mji wenyewe. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani waliweka kituo chao Unyanyembe, mahali ambapo njia ya misafara iligawanyika, tawi moja likielekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na jingine likipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi, yaani watu waliobeba pembe, nguo na shanga mabegani, walikuwa kwa sehemu kubwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira wa makubaliano, kwa hiyo Tabora ilizoea kuona vijana wake wakilipwa kwa nguvu za miguu yao, tena mbali na kwao, muda mrefu kabla mpira haujafika.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na miaka minne baadaye, Septemba 1916, mji ulitekwa na majeshi ya Ubelgiji kabla ya kuwekwa chini ya utawala wa Uingereza. Chini ya Waingereza, mpira ulienea kama ulivyoenea kwingineko Tanganyika, kupitia shule, kambi na idara za serikali, na Tabora haikupungukiwa na hata kimoja kati ya vitu hivyo. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, mchezo bado ulikuwa wa ridhaa, maana yake mchezaji hakutambuliwa rasmi kuwa mfanyakazi wa klabu, bali aliishi kwa ajira yake ya jeshini, relini au ofisini. Mfumo huo ulizinufaisha timu za taasisi, ambazo ziliweza kumpa mchezaji kazi na nyumba. Klabu ya wanachama iliyoko zaidi ya kilomita 800 kwa reli kutoka Dar es Salaam, ikitegemea michango na viingilio vya mlangoni, ilikuwa na mzigo mzito zaidi.

Timu mbili za kwanza kukumbukwa na wengi ni Milambo, iliyobeba jina la mtemi wa Urambo aliyefariki mwaka 1884 na kucheza ligi ya juu katika miaka ya 1990, na Rhino Rangers, timu yenye mizizi jeshini, ambayo ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2013/14 na kushuka msimu huohuo pamoja na Ashanti United na Oljoro JKT. Kwa timu kama hizo kupanda daraja halikuwa jambo gumu kuliko yote. Ugumu ulikuwa kubaki, kwa sababu zama za mikataba na mishahara zilikuwa zimeshaingia na gharama za msimu mzima zilikuwa zimekwishapita uwezo wa mapato ya uwanjani.

Njia nyingine ilikuwa kuleta timu kutoka nje ya Tabora. Kitayosce, klabu iliyoanzia mkoani Kilimanjaro, ilihamia Tabora na kupanda Ligi Kuu mwaka 2023, mwaka uleule ambao Mashujaa ya Kigoma, mji ulioungana na Ujiji, nayo ilipanda, hivyo miji miwili ya njia ya kale ya misafara ikaingia ligi kuu kwa pamoja. Mwanzo wake ulikuwa wa aibu. Tarehe 16 Agosti 2023 timu hiyo, iliyokwama katika usajili, ilishuka dimbani dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji wanane tu, ikafungwa mabao manne kwa muda mfupi, na mchezo ukavunjwa baada ya wachezaji wake kupungua chini ya saba, idadi ya chini inayoruhusiwa na sheria za mchezo.

Chini ya jina la Tabora United, klabu hiyo ilinusurika kushuka, na tarehe 7 Novemba 2024 iliifunga Yanga mabao 3-1 jijini Dar es Salaam, matokeo yaliyotangulia kwa siku chache tu kuachana kwa Yanga na kocha Miguel Gamondi. Ushindi huo ulidhihirisha kwamba, fedha zikiwepo, umbali hauamui kiwango. Haukuondoa, hata hivyo, swali la umiliki, kwa sababu mwaka 2025 klabu iliingia chini ya Mamlaka ya Mapato Tanzania na kubadilishwa jina kuwa TRA United, jina ambalo halitaji Tabora hata kidogo.

Mkondo huu unaonyesha kwamba Tabora imekuwa na mashabiki na wachezaji, lakini haijapata kuwa na klabu ya kulipwa inayomilikiwa na wakazi wake na kudumu ligi kuu. Tangu mwaka 1965, hakuna timu ya Tabora iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara.