Rubani Anapoikopesha Kampuni

Uwanja mdogo wa ndege wa Suneka, kando ya barabara itokayo mjini Kisii kuelekea Migori, huchangamka zaidi msimu wa kampeni. Helikopta na ndege ndogo za kukodi huwashusha wanasiasa na kuwapandisha tena kabla jua halijatua. Siasa zikipoa, uwanja nao hutulia. Marubani wa ndege hizo wamezoea maisha ya misimu. Anayedhaniwa kuwa salama ni rubani aliyeajiriwa na shirika kubwa, mwenye mkataba na chama cha kumtetea. Historia ya urubani nchini inasema vingine.

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka wa 1946, lilisambaratika mapema 1977 huku Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikivunjika. Kenya Airways iliundwa Januari mwaka huohuo. Miaka 19 baadaye serikali ikaiuza kwa sehemu: KLM ya Uholanzi ikachukua asilimia 26, na hisa nyingine zikaingia sokoni Nairobi. Tangu hapo mishahara ya wafanyakazi ikawa jambo la kupimwa na wenye hisa kila matokeo ya fedha yanapotangazwa.

Kishindo cha kwanza kikubwa kilikuja mwaka wa 2012, Titus Naikuni akiwa usukani wa shirika. Wafanyakazi 447 waliachishwa kazi kwa sababu ya gharama. Chama chao kilikwenda mahakamani, na Desemba mwaka huo jaji akaamuru warudishwe. Furaha haikudumu. Julai 2014 Mahakama ya Rufaa iliitengua amri hiyo, ingawa ilikosoa jinsi mashauriano yalivyoendeshwa.

Kesi hiyo ilikipa uzito kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007, ambacho kila mfanyakazi angepaswa kukijua. Mwajiri anayetaka kupunguza watu lazima akiarifu chama na afisa wa kazi mwezi mmoja kabla. Anapochagua wa kuondoka, azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na jinsi mtu anavyotegemewa kazini. Anayeondoka hulipwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Lakini akishalipwa, uhusiano umekwisha. Huko Marekani, kampuni ya ndege za kibinafsi ya NetJets ilipowapeleka marubani 495 likizo ya lazima mwaka wa 2010, baada ya mtikisiko wa uchumi, majina yao yalibaki kwenye orodha ya ukuu kazini. Biashara iliporudi, waliitwa kwa zamu. Rubani wa Kenya aliyepunguzwa hana zamu ya kungojea, na kwangu hili ndilo pengo kubwa zaidi katika sheria yetu.

Kenya Airways iliendelea kudidimia. Hasara ya mwaka wa fedha wa 2015/16 ilifika shilingi bilioni 26.2. Nafasi ya kutua Heathrow, London, iliuzwa kwa Oman Air kwa dola milioni 75, na ndege kubwa zikakodishwa kwa Oman Air na Turkish Airlines. Marubani nao walizifuata ndege: wengi walihamia mashirika ya Ghuba, wakienda na ujuzi uliojengwa Embakasi.

Kisha ikaja korona. Machi 2020 safari za kimataifa zilisimamishwa. Afisa mkuu mtendaji wa wakati huo, Allan Kilavuka, alitangaza kukatwa asilimia 80 ya mshahara wake, wakuu walio chini yake asilimia 75, na wafanyakazi wengine kati ya asilimia 25 na 50. Wengine walipewa likizo bila malipo. Michango ya kampuni katika hazina ya uzeeni ya marubani ikasitishwa. Mwaka huo ulifungwa kwa hasara ya bilioni 36.2.

Rubani asiyeruka hupoteza zaidi ya pesa. Sharti la urubani wa abiria ni kupaa na kutua angalau mara tatu katika siku 90. Ukipitisha muda huo, huruhusiwi kurudi kwenye usukani hadi ufanyiwe mazoezi upya, mara nyingi kwenye simuleta. Ndiyo maana kampuni nyingi hupendelea kumkata rubani mshahara kuliko kumwachisha kazi, na ndiyo maana chama hukubali: pande zote mbili zinajua gharama ya kuanza upya.

Ila makato hayo yalihesabiwaje? Mkulima wa chai wa Nyamira atalielewa swali hili bila kufafanuliwa. Hupeleka majani kituoni mwaka mzima, hulipwa kidogo kila mwezi, na sehemu kubwa ya jasho lake hubaki kiwandani hadi bonasi itangazwe. Bonasi ikija ndogo, hasemi amenyimwa zawadi. Anasema pesa zake hazikurudi. Marubani waliutazama mshahara uliozuiliwa na michango iliyosimamishwa kwa jicho hilohilo. Kwao ulikuwa mkopo. Kampuni iliziona pesa hizo kama gharama iliyoepukwa.

Tofauti hiyo ililipuka Novemba 5, 2022. Ndege zilikuwa zimeanza kujaa tena, na KALPA, chama chenye marubani zaidi ya 400, kikagoma kikidai michango irejeshwe na mishahara iliyozuiliwa ilipwe. Maelfu ya abiria walikwama. Kampuni ilisema inapoteza shilingi milioni 300 kwa siku, na kwamba marubani ni asilimia 10 tu ya wafanyakazi lakini huchukua asilimia 45 ya mishahara. Hoja hiyo iliwakoroga wananchi, nao wengi wakawaita marubani wachoyo. Sikubaliani nao. Mshahara mkubwa haumwondolei mtu haki ya kudai alichoahidiwa, na aliyejitolea wakati wa dhiki ana haki ya kuuliza lini dhiki imekwisha. Jaji Anna Mwaure aliwaamuru warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya Novemba 9. Walirudi.

Mwaka wa 2024 shirika lilipata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya takriban bilioni 12, kwa kuwa ndege tatu kati ya tisa aina ya Dreamliner zilikuwa chini zikikosa injini. Mezani pakiwekwa makato mengine, chama kina sababu ya kudai tarehe ya kurejeshwa iandikwe kwenye mkataba kabla ya sahihi yoyote kutiwa.