Namba Moja na Mwili Unaokua

Bila shaka, ewe msomaji, umepata kusimama mbele ya mizani ya shule, viatu umevivua, na nyuma yako mlolongo wa wenzako wakichungulia sindano itatua wapi. Uzito ukiisha kuandikwa, husimamishwa ukutani ukapimwa kimo. Kisha hufanywa hesabu fupi: uzito kwa kilo hugawanywa kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Hutoka namba moja, na kwa namba hiyo mtu huitwa mkondefu, mwenye siha, au mnene kupita kiasi.

Mimi nami niliwahi kuzitoa namba hizo, tena kwa makosa. Nilikuwa katika mazoezi ya ualimu, nikapewa darasa la watoto wa miaka 10 niwapime. Mvulana mmoja alikuwa na kimo cha mita 1.40 na uzito wa kilo 36. Ukigawanya utapata 18.4. Katika karatasi niliyokuwa nayo iliandikwa kwamba aliye chini ya 18.5 ni mkondefu. Basi nikamwandikia mamake barua amwongezee mtoto uji na maziwa. Mama akaja shuleni kesho yake, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ni huyu huyu wangu amalizaye sufuria?"

Ili ujue kosa langu lilikuwa wapi, yafaa turudi Ubelgiji, karne ya kumi na tisa. Adolphe Quetelet, aliyezaliwa mjini Ghent mwaka 1796, hakuwa tabibu. Alikuwa mtu wa hesabu na elimu ya nyota, na ndiye aliyeongoza jumba la kuangalizia nyota mjini Brussels. Wanajimu wa zama zake walikuwa wamezoea kuipima nyota moja mara nyingi na kutafuta wastani wa vipimo vyao. Quetelet akaona kwamba wanadamu nao waweza kuhesabiwa vivyo hivyo, naye akaanza kumtafuta aliyemwita "mtu wa wastani". Mtu huyo hakuwahi kutembea barabara yoyote. Alikuwa ni hesabu ya umati mzima.

Katika kitabu alichokitoa mwaka 1835, Quetelet alionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima uzito hufuata kipeo cha pili cha kimo. Hapo ndipo ilipotoka hesabu yetu ya shuleni. Lakini angalia alivyosema juu ya wanaokua, maana maneno haya husahauliwa sana. Aliona kwamba baada ya mwaka wa kwanza wa maisha, hata kukaribia balehe, uzito huenda karibu sawa na kipeo hicho cha pili. Balehe ifikapo, uzito hukimbia ukaiacha kanuni nyuma. Yaani mwenye hesabu mwenyewe aliijua tofauti ya kijana na mtu mzima, tena hakuwa akitafuta nani mnene na nani mwembamba. Unene haukuwa shughuli yake.

Waliofanya unene kuwa shughuli walikuwa watu wa bima wa Marekani, waliotaka kujua ni wateja gani watakufa mapema, wakatunga majedwali ya uzito na kimo. Majedwali hayo hayakumridhisha Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1972 yeye na wenzake walilinganisha kanuni kadhaa kwa vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano, wakaona kanuni ya Quetelet yafaa kupita nyingine, wakaipa jina jipya linalojulikana leo kwa herufi BMI. Wanaume watupu, tena watu wazima! Mwanamke hakuwamo, wala mtoto.

Mwili wa mtoto ulikwisha kuwa na historia yake ya kupimwa. Huko Ufaransa, Philibert Guéneau de Montbeillard alimpima mwanawe kimo tangu alipozaliwa mwaka 1759 hata mwaka 1777, yapata kila miezi sita, na rafiki yake Buffon akavichapisha vipimo hivyo. Ukivichora kwenye karatasi ya miraba utaona kasi ya kukua ikipungua mwaka hata mwaka, halafu ghafla, wakati wa balehe, mtoto anachomoza kama muhindi uliopata mvua. Na mvua hiyo haiwanyeshei wote siku moja. Katika darasa lako wamo waliobalehe mapema na wamo wanaongojea bado, ilhali umri wao ni mmoja.

Kwa hiyo wataalamu waliacha kutumia mpaka mmoja kwa vijana. Mwaka 2000 Tim Cole na wenzake walitoa mipaka ya kila umri, wavulana mbali na wasichana mbali, kwa vipimo vya nchi sita. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa chati za umri wa miaka 5 hadi 19. Katika chati hizo mvulana wa miaka 10 huhesabiwa kuwa amezidi uzito apitapo 18.5, na mwenye miaka 14 apitapo 21.8. Tazama ajabu hii: 18.5 ni mpaka wa ukondefu kwa mtu mzima, nayo ni mpaka wa unene kwa mvulana wa miaka 10.

Hata chati hizo zina upungufu. Mizani haitofautishi msuli na mafuta, na mtu mwenye miguu mirefu na kiwiliwili kifupi hupata namba ndogo bila kukosa chakula. Mafuta nayo hayana hatari moja kila mahali. Tangu mwaka 1947 Jean Vague, tabibu wa Marseille, alikwisha eleza kwamba yale ya sehemu ya juu ya mwili hayafanani na yale ya mapajani. Ndiyo sababu siku hizi wengine huongeza utepe kiunoni, na kutazama kama mzunguko wake unafika nusu ya kimo.

Nilipoipata chati iliyo sawa, nilimtafuta yule mvulana wa 18.4. Alikuwa ndani ya mipaka, ila karibu kabisa na ukingo wa juu. Nikamwandikia mamake barua ya pili. Hakuijibu, lakini mtoto aliniambia kwamba maziwa ya ziada yamekoma, na kwamba kosa la hayo yote ni langu.