Mipangilio ya Java ilivyotolewa nje ya msimbo

Programu ya wavuti ya Java ikiwashwa, kabla ya kumhudumia yeyote huanza kutafuta mipangilio yake: hifadhidata iko kwenye seva ipi, nenosiri ni lipi, mafaili yawekwe folda gani.

Java ilipotoka mwaka 1996 tayari ilikuwa na darasa la Properties, lenye kusoma faili la maandishi matupu: jina, alama ya sawasawa, thamani. Lakini faili hilo kila mtu aliliweka alikopenda, hivyo programu iliyokimbia vizuri kwenye mashine ya fundi iligoma ikihamishwa. Mwaka 1999 toleo la 2.2 la Servlet, yaani kanuni za programu za wavuti za Java, likaleta utaratibu. Programu nzima ilifungwa katika faili moja la WAR, na humo, ndani ya folda ya WEB-INF, likakaa faili la web.xml lenye mipangilio.

Kilichobaki kikawa suala la wakati. Servleti, yaani kipande cha programu kinachojibu maombi, isipoamriwa vingine, iliweza kusubiri ombi la kwanza ndipo isome mipangilio yake. Nenosiri likikosewa, anayegundua ni mteja wa kwanza wa asubuhi. Mwaka 2001 toleo la 2.3 likaleta ServletContextListener, ambayo sehemu yake ya contextInitialized huitwa kabla ombi lolote halijapokelewa. Kwangu mimi hakuna hatua kubwa kuliko hii katika historia nzima, kwani kosa lilihamia mikononi mwa fundi, saa ambayo bado anaweza kulirekebisha. Spring, mfumo wa kujengea programu za Java uliotoka rasmi mwaka 2004, ulijiwasha kwa njia hiyohiyo.

Hata hivyo siri zilibaki ndani ya WAR, na kila aliyepata nakala alizipata pia. Mwaka 2011 wahandisi wa kampuni ya Heroku, katika waraka wao wa Twelve-Factor App, wakataka mipangilio ikae kwenye mazingira ya seva. Kipimo chao ni kikali: je, unaweza kuuanika msimbo wako hadharani sasa hivi bila siri kuvuja? Spring Boot ya mwaka 2014 ikalirahisisha jambo hilo, maana thamani iliyowekwa kwenye mazingira huishinda ile ya faili la ndani.

Wewe unayeandika mfumo wa saccos au wa zahanati, toa nenosiri nje ya msimbo leo, na uiache programu ikatae kuwaka mpangilio ukikosekana.