Kicheko cha Kashasha na Lalamiko la Eliya

Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, katika mkoa wetu huu wa Kagera, walianza kucheka wakashindwa kunyamaza. Walitulia, kisha hali ikawarudia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Ilifunguliwa tarehe 21 Mei, wakapatwa 57, ikafungwa tena. Huko Nshamba, walikotoka baadhi yao, waliugua watu 217.

Wengi husimulia habari hii kama kichekesho. Lakini haikuwa furaha. Wagonjwa walilia pia na kuhangaika, na waliposhikwa kwa nguvu wengine walipigana. Madaktari Rankin na Philip walitafuta sababu mwilini na katika chakula, wasiione. Hakuna aliyekufa. Wataalamu wa baadaye wameona humo mzigo wa moyo uliokosa mahali pa kusemwa.

Martin Luther naye, alipokuwa mtawa kijana, alikwama kwa namna yake. Aliungama kwa saa nyingi, akatoka, akakumbuka kosa dogo, akarudi. Mlezi wake, Johann von Staupitz, hakumwongezea orodha ya dhambi. Alimwelekeza kwa Kristo. Hata hivyo mahangaiko yalimrudia maishani, naye akawashauri wenzake wenye huzuni wasikae peke yao.

Someni 1 Wafalme 19. Eliya anamweleza Mungu lalamiko lile lile mara mbili. Mungu hamkemei kwa kurudia. Kwanza alikuwa amempa usingizi na mkate. Kisha anampa safari, kazi, na Elisha wa kufuatana naye.

Wapendwa, katika sharika zetu za Karagwe na Kyerwa yupo anayetubu kila wiki dhambi iliyokwisha kusamehewa. Yupo anayeamka mara nne usiku kuangalia kama mlango umefungwa, na moyo wake bado hautulii. Tusiharakishe kusema ana pepo, au imani yake ni haba. Kumwambia "acha" hakumsaidii. Angeweza kuacha, angekwisha kuacha. Tumtangazie tena msamaha ule ule, tuketi naye, tule naye, na tumsindikize hospitali bila aibu. Kwenda kwa daktari si kumkana Kristo. Mungu aliyemsikiliza Eliya mara ya pili hachoki kumsikiliza huyu.