Ushujaa wa Moïse Tshombe: Mabishano Kuhusu Vita vya Katanga na Hatima ya Askari Wake

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hii hutumiwa kumwonya kijana mwepesi wa kukimbilia ugomvi. Hata hivyo, inaacha swali moja bila jibu: ikiwa shujaa mwenyewe ni kiongozi wa nchi, na wanaokufa ni wengine, kilio hicho huenda kwa nani? Swali hilo ndilo kiini cha mabishano yaliyodumu kwa zaidi ya miaka 60 katika ukanda wa shaba wa Katanga kuhusu Moïse Tshombe, aliyejitangazia dola tarehe 11 Julai 1960 na kuipoteza Januari 1963. Wapo wanaomwita shujaa aliyesimama mbele ya dunia nzima. Wapo pia wanaomwita mwoga aliyepigana kwa mikono ya watu wengine na kukimbia kila risasi zilipokaribia.

Makala haya yanayachunguza mabishano hayo kwa kuangalia zaidi magharibi ya Katanga, yaani sehemu inayoanzia Tenke kupitia Kolwezi hadi Dilolo, ambako vita vilimalizikia. Hoja yake ni kwamba pande mbili zinazobishana hazipimi kitu kimoja, na kwamba kuna kipimo cha tatu ambacho zote mbili hukipita haraka: yaliyowapata askari walioachwa na bunduki mkononi baada ya kiongozi wao kuweka saini.

Chanzo cha Vita

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku chache baadaye askari wa jeshi la taifa waliwaasi maofisa wao wa Kibelgiji, Ubelgiji ikaingiza majeshi yake, na Tshombe akatangaza mjini Elisabethville (sasa Lubumbashi) kwamba Katanga imejitenga. Chama chake, Conakat, hakikuwa na kauli ya Katanga nzima. Katika uchaguzi wa Mei 1960 kilipata viti 25 kati ya 60 vya Bunge la Jimbo, na muungano ulioongozwa na Balubakat ya Jason Sendwe ukapata 23. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza taifa ambalo ujasiri wa Tshombe ulidaiwa kulilinda lilikuwa lenyewe ni jambo la kubishaniwa. Mnamo Januari 1961 wafuasi wa Balubakat walitangaza jimbo lao huko Manono na kuliita Lualaba, jina ambalo tangu 2015 limepewa jimbo jingine ambalo mji wake mkuu ni Kolwezi.

Nguvu ya dola hiyo changa ilikuwa shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa 1906, ililipa kodi zake Elisabethville badala ya Léopoldville. Tenke ni mji mdogo, lakini ramani ya reli inaonyesha uzito wake. Hapo ndipo reli itokayo kusini-mashariki inapogawanyika: tawi moja linakwenda kaskazini hadi Bukama na Kamina, na la pili, lililofunguliwa 1931, linakwenda magharibi hadi Kolwezi na Dilolo na kuungana na reli ya Benguela iendayo bandari ya Lobito. Njia ya kaskazini ilielekea kwa Wabaluba waliokataa kujitenga. Njia ya magharibi ilielekea Angola ya Wareno, ambao walikuwa tayari kumpokea Tshombe na shaba yake.

Hoja za Waliomwita Shujaa

Waliomsifu Tshombe walikuwa na hoja za kweli, na si haki kuzipuuza. Kwanza, alisimama dhidi ya nguvu kubwa kuliko zake. Umoja wa Mataifa ulileta Kongo jeshi ambalo wakati mmoja lilikaribia askari 20,000, na serikali karibu zote za Afrika huru zilimlaani. Hakuna dola iliyomtambua. Pamoja na hayo alidumu kwa miaka miwili na nusu.

Pili, majeshi yake hayakushindwa kila mahali. Septemba 1961 Umoja wa Mataifa ulipojaribu kuumaliza utawala wake kwa nguvu, kikosi cha Waayalandi kilizingirwa Jadotville (sasa Likasi) na kulazimika kujisalimisha. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alifariki katika ajali ya ndege karibu na Ndola alipokuwa akienda kuonana na Tshombe, na mapigano yalisimamishwa Tshombe akiwa bado rais. Kwa wafuasi wake huo ulikuwa ushindi, na walioupigia makofi walikuwapo hata mbali na Katanga, wakiwemo Roy Welensky wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland na Seneta Thomas Dodd wa Marekani.

Tatu, wafuasi wake walidai kwamba aliwaepusha watu wa kusini na vurugu zilizoikumba sehemu nyingine ya Kongo. Migodi ilifanya kazi, treni zilitembea, mishahara ililipwa. Kwa mfanyakazi wa mgodi wa Kolwezi jambo hilo lilikuwa na maana kuliko hotuba za New York.

Hoja za Waliomwita Mwoga

Upande wa pili ulijibu hoja hizo moja baada ya nyingine. Kuhusu kusimama peke yake, walisema hakusimama peke yake hata kidogo: maofisa wa Kibelgiji waliliunda jeshi lake la jandarmeri, mamluki wa Kizungu waliliongoza vitani, na fedha za kampuni zililipia risasi. Wapinzani wake walimbandika jina la Bwana Sanduku la Fedha. Kuhusu ushindi wa Septemba 1961, walikumbusha kwamba mapigano yalipoanza rais mwenyewe alivuka mpaka na kuingia Rhodesia ya Kaskazini.

Kisha kulikuwa na suala la ahadi. Tarehe 21 Desemba 1961, katika kambi ya Kitona, Tshombe alikubali mbele ya Waziri Mkuu Cyrille Adoula kwamba Katanga ni sehemu ya Kongo. Aliporudi nyumbani alisema kwamba makubaliano hayo lazima yapitishwe kwanza na Bunge la Katanga. Wafuasi wake waliuita huo werevu wa mwanasiasa dhaifu mbele ya wenye nguvu. Wapinzani wake waliuona kuwa ni uoga wa mtu asiyethubutu kusema ndiyo wala hapana.

Hoja nzito kuliko zote, hata hivyo, inahusu mauaji. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Elisabethville wakiwa wamefungwa, wakapigwa, na usiku huo wakapigwa risasi. Tume ya Bunge la Ubelgiji iliyotoa ripoti yake 2001 ilithibitisha kwamba Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwapo. Mtu aliyefungwa mikono si adui wa vita, na kumuua hakuhitaji moyo. Kaskazini nako jandarmeri ilichoma vijiji vya Wabaluba, na mnamo 1961 makumi ya maelfu ya Wabaluba walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa katika Elisabethville yenyewe. Hao walikuwa raia wa Katanga, wakikimbia serikali iliyodai kuwalinda.

Hapa Kiswahili chenyewe kinasaidia kutenganisha mambo. Katika matumizi ya kawaida, mtu huitwa jasiri kwa kuthubutu, hata akithubutu ovu. Mwizi naye aweza kuwa jasiri. Neno shujaa hubeba sifa zaidi: humtazamia mtu aubebe mwenyewe mzigo wa tendo lake. Wafuasi wa Tshombe wakithibitisha ujasiri wake wanadhani wamethibitisha ushujaa. Wapinzani wakikanusha ushujaa wanadhani wamekanusha pia ujasiri. Ndiyo maana mabishano hayaishi.

Kolwezi, Januari 1963

Kipindi kinachoyaleta mambo haya yote pamoja ni majuma matatu ya mwisho. Tarehe 28 Desemba 1962 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalianza mashambulizi ya mwisho. Tshombe aliondoka Elisabethville. Wanajeshi wa Kihindi walivuka mto Lufira, ambao madaraja yake yalikuwa yamebomolewa, na tarehe 3 Januari 1963 wakaingia Jadotville. Ngome ya mwisho ikawa Kolwezi, na njia pekee ya kutokea ikawa reli ya kuelekea Dilolo.

Tshombe alikuwa ametishia kuteketeza kila kitu kabla ya kukubali kushindwa. Tishio hilo halikuwa maneno matupu. Baruti ilitegwa katika mitambo ya Kolwezi na katika mabwawa ya umeme ya mto Lualaba, yaani Delcommune (sasa Nzilo), lililokamilika 1952, na Le Marinel (sasa Nseke), lililokamilika 1956. Mabwawa hayo yangelipuliwa, migodi na miji ya ukanda wote ingekosa umeme kwa miaka mingi, na maisha ya watu wengi wa chini yangeharibika.

Hayakulipuliwa. Tarehe 14 Januari, kutoka Kolwezi, Tshombe na mawaziri wake walitoa ujumbe kwamba wako tayari kutangaza mwisho wa kujitenga na kuyaacha majeshi ya Umoja wa Mataifa yatembee kwa uhuru, wakaomba msamaha kwa wote waliowatumikia. Tarehe 17 Januari, miaka miwili kamili tangu kuuawa kwa Lumumba, Tshombe alitia saini. Tarehe 21 Januari majeshi hayo yaliingia Kolwezi bila vita.

Kwa wafuasi wake waliokuwa wakali, kutia saini huko kulikuwa usaliti. Kwa wapinzani wake kulikuwa uthibitisho kwamba vitisho vyake vyote vilikuwa kelele. Lakini mtu anayezingatia maisha ya wakazi wa Kolwezi ana sababu ya kusema kwamba hili ndilo tendo lake lililo karibu zaidi na ushujaa. Kiongozi aliyekwisha kuapa kuteketeza nchi huona aibu kubwa kurudi nyuma, na wengi katika historia wamechagua moto kuliko aibu. Ni kweli kwamba Union Minière haikutaka mali yake iharibiwe na ilimshinikiza. Ni kweli pia kwamba hakuwa na matumaini ya kushinda. Hata hivyo shinikizo halimwondolei mtu uamuzi wake.

Walioachwa na Bunduki

Ombi la msamaha lilikubaliwa kwa maneno, lakini askari wengi hawakuliamini. Maelfu ya wanajandarmeri pamoja na mamluki walipita magharibi na kuvuka mpaka kuingia Angola na silaha zao. Tshombe alikwenda Ulaya. Julai 1964 alirudi akiwa Waziri Mkuu wa Kongo yote, akawaita askari wake wa zamani na kuwatuma pamoja na mamluki kupambana na waasi wa Simba mashariki. Katika muda wa miezi 18 tu, waliopigana kuivunja Kongo wakatakiwa kufa kwa ajili ya kuiunganisha.

Oktoba 1965 Rais Kasavubu alimwachisha kazi, na Novemba Mobutu akatwaa madaraka. Askari wa Katanga waliasi Kisangani Julai 1966 na wengi wao wakauawa. Waliasi tena Julai 1967, wakati Tshombe alipokuwa ameshatekwa nyara angani na kupelekwa Algeria, ambako alifariki tarehe 29 Juni 1969. Waliosalia Angola walijikusanya chini ya Nathanaël Mbumba katika chama cha FNLC. Tarehe 8 Machi 1977 wapiganaji wake waliingia Shaba na kuifuata reli hadi Mutshatsha. Tarehe 13 Mei 1978 waliingia Kolwezi yenyewe, na mamia ya raia, Waafrika na Wazungu, wakauawa katika siku zilizofuata.

Hapo mabishano yaleyale yakamhamia Mobutu. Magazeti ya serikali yalimsifu kwa kuilinda nchi, lakini kila mtu aliona kwamba 1977 aliokolewa na askari 1,500 wa Moroko walioletwa kwa ndege za Ufaransa, na 1978 na askari wa miamvuli wa Kifaransa na Kibelgiji. Mtu aliyejijengea sifa ya kuwa adui wa mamluki wa Tshombe alikuwa ameegemea bunduki za wageni kama Tshombe mwenyewe.

Hitimisho

Katanga haijatoa hukumu moja. Katikati ya Lubumbashi pana sanamu ya Tshombe na uwanja wenye jina lake. Juni 2022 jeneza lenye jino la Lumumba, mabaki pekee ya mwili wake, lilipitishwa Shilatembo, mahali alipouawa, karibu na mji huohuo. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga aliyeichora historia ya nchi yake katika picha zipatazo 100 mnamo 1973 na 1974 na kuzieleza kwa Kiswahili cha huko, aliweka misalaba mitatu nyuma ya maiti za Lumumba na wenzake. Kwake shujaa alikuwa yule asiye na bunduki.

Ushahidi uliopo unaruhusu kusema mambo matatu. Tshombe alikuwa jasiri wa kuanzisha vita; hilo hata wapinzani wake hawana haja ya kulikanusha. Aliweza pia kuvisimamisha kabla ya kuiangamiza Kolwezi, jambo ambalo wafuasi wake wangepaswa kulisifu kuliko kulionea haya. Lakini aliweka saini bila kuwapatia waliombebea bunduki njia ya kuaminika ya kurudi nyumbani, na alipopata nafasi ya kuwarudisha aliwarudisha vitani. Wazee wa Kolwezi walioyaona ya 1963 na ya 1978 waliona vita vile vile vikipita mara mbili juu ya reli moja. Kiongozi anayeunga mkono vita hupimwa kwa siku anapovianza, na mara nyingine kwa siku anapovimaliza. Kwa upande wa Katanga, hesabu iliyobaki bila kulipwa ilihusu siku zilizofuata, nayo ililipwa na watu ambao hawakuulizwa.